Swichi moja, swichi mbili au vitufe: friji ipi inafaa nyumba ya Lamu?

Namba 4 kwenye swichi ya friji si nyuzi 4. Ni hatua tu, kutoka baridi kidogo hadi baridi nyingi, na kila kiwanda kinazipanga kivyake. Kimoja kinaishia 5, kingine 7, na kingine hakiandiki namba kabisa, kinachora mstari mwembamba unaonenepa upande mmoja. Nimeanza na hili kwa sababu watu wa hapa wakinunua friji huuliza ukubwa, rangi, na kama mlango una kufuli (mwenye watoto na jagi la maji ya ukwaju mwezi wa Ramadhani ataelewa kwa nini). Namna ya kurekebisha baridi hawaiulizi. Wanakuja kuigundua friji ikiwa imeshavushwa kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, imeshasukumwa kwa mkokoteni vichochoroni, na haina tena safari ya kurudi dukani.

Madukani utakutana na aina tatu. Kuna friji ya mlango mmoja yenye swichi moja ya kuzungusha. Kuna ya milango miwili isiyoshika barafu, yenye swichi moja chini na nyingine kwenye friza. Na kuna ya vitufe, inayoonyesha nyuzi kwa tarakimu. Zote zinapoza. Swali la kujiuliza kabla hujatoa pesa ni hili: nyumbani kwako unahitaji kushika baridi ngapi tofauti kwa wakati mmoja?

Kipimo chenyewe hakibadiliki kwa aina ya friji. Sehemu ya chini, ya maziwa, mboga na chakula kilichopikwa, iwe nyuzi 4 au chini kidogo, bila kufika sifuri. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Bakteria wengi wa chakula huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na jiko la Lamu mchana wa Machi linapita nyuzi 30, kwa hiyo huku hatuna ile nafasi ya kusahau sufuria mezani mpaka jioni.

Sisi tuna sababu ya ziada, nayo ni samaki. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Ukishaipata nyama ikiwa nayo, huiondoi kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa ndimu na pilipili, na samaki anaweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo. Anayemla uso unamwiva mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na mara nyingi husemwa ana mzio wa samaki ilhali jana yake alikula samaki huyo huyo asiumwe na kitu. Hapo ndipo tofauti ya friji inayoshika nyuzi 4 na inayoshika nyuzi 10 inapoonekana. Kwa macho, friji hizo mbili zinafanana: taa inawaka, na ukitia mkono unahisi ubaridi.

Swichi moja

Ndani ya kile kisanduku chenye taa na swichi mna thamostati. Ni mrija mwembamba wenye gesi, ambao ncha yake imeshikizwa kwenye sahani ya baridi, pale barafu inapoganda. Sahani ikipata joto gesi inatanuka, umeme unapita, na kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza, inaanza kunguruma. Sahani ikipoa, gesi inajikusanya na umeme unakatika. Kuzungusha swichi ni kukaza au kulegeza springi tu. Kwa hiyo chombo hiki hakipimi maziwa yako wala samaki wako, kinapima sahani. Maziwa yatakuwa nyuzi ngapi itategemea joto la jikoni, mlango unafunguliwa mara ngapi, na barafu iliyojaa juu imefika unene gani.

Ndiyo maana namba ile ile inaleta baridi tofauti nyumba kwa nyumba. Friji iliyo Mkomani, ndani ya nyumba ya kale yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, inaweza kutosheka na 3. Ndugu yake iliyo Wiyoni chini ya bati, namba hiyo hiyo haitamfaa mtu kitu saa nane mchana.

Je, kaskazi inapokuja na joto lake uongeze namba au upunguze? Vijitabu vyenyewe vinapingana. Kimoja kitakuambia joto likizidi panda namba, kingine kitakuambia shuka. Vyote vina hoja. Ukipanda, unaiambia kompresa ifanye kazi zaidi, na kama friji ni nzima na mpira wa mlango unabana, baridi itaongezeka. Lakini ukipanda hadi mwisho wakati jiko lina joto kali, sahani haifikii kamwe ubaridi ulioagizwa. Kompresa haipumziki, unyevu wa bahari unaoingia kila mlango ukifunguliwa unaganda juu ya sahani, na barafu hiyo inakuwa blanketi: baridi inabaki ndani yake na rafu za chini zinapata joto.

"Mwanangu, nimetia saba na mai hayashiki baridi," bibi mmoja wa Langoni alimlalamikia fundi.

"Bibi, izime kwanza barafu ianguke, kisha uirudishe nne."

Bibi alimwona fundi hamnazo, na ni haki yake, maana maneno yale yanakwenda kinyume na akili. Lakini ndivyo ilivyo. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, kuongeza namba ni kuongeza bili ya tokeni tu. Friji nyingi za mlango mmoja zina kitufe katikati ya swichi cha kuyeyusha: ukikibonyeza kompresa inalala, barafu ikiisha kinajirudisha chenyewe. Kisu kikae mbali. Sahani ni laini, na tundu moja la ncha ya kisu linatoa gesi yote ya kupoza.

Jambo la pili la kutazama katika friji ya swichi moja ni nyota zilizochorwa kwenye mlango wa kisanduku cha barafu. Nyota moja ina maana kisanduku kinafika nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Nyota nne zina maana kinaweza hata kugandisha kitu kibichi tangu mwanzo. Friji nyingi ndogo ni za nyota moja au mbili, na hapo hakuna namba ya swichi itakayozifikisha 18. Unaweza kuzungusha mpaka maziwa ya chini yagande, nguru wako juu bado hajafika alipotakiwa kufika. Swichi ni moja na baridi zinazotakiwa ni mbili, moja lazima idhulumike.

Sifa zake? Bei ni ya chini, umeme inaokula si mwingi kwa vile ni ndogo, na thamostati ikifa fundi yeyote wa mtaani anaibadilisha bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Hewa ya chumvi haina pa kuiuma sana. Kwa watu wawili watatu wanaonunua samaki wa siku na kula siku hiyo, sioni sababu ya kutafuta makuu.

Swichi mbili

Hii ndiyo friji inayotukanwa bure kuliko zote. Anayeinunua anaona swichi mbili, moja juu ya friza na moja chini, anaamini kila moja inaamrisha chumba chake. Katika friji nyingi za aina hii sivyo. Baridi yote inatengenezwa sehemu moja, nyuma ya friza, na feni inaisukuma. Swichi moja, mara nyingi ya chini, ndiyo inayowasha na kuzima kompresa. Ile ya friza haina habari na kompresa: inafungua na kubana kilango kidogo kinachogawa hewa baina ya juu na chini.

Matokeo yake yanachekesha na yanakera. Mwenye nyumba amepata samaki wengi, anaigeuza swichi ya friza hadi baridi ya mwisho. Kilango kinajibana, hewa baridi inabaki juu, hewa inayoshuka chini inakuwa haba. Kesho yake samaki ni jiwe na mchuzi umechacha. Anaitwa fundi, na kama si mwaminifu, anasema gesi imekwisha. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya bomba zilizozibwa, na ikipungua basi pana mahali inavuja, pa kutafutwa na kuzibwa kwanza. Kabla ya kukubali kulipia gesi, angalia swichi ya friza iko wapi.

Namna ya kuziweka ni kuanza katikati, zote mbili, na kuziacha usiku na mchana mzima bila kuzigusa. Chini kukiwa na joto, panda hatua moja kwenye swichi ya chini, subiri siku nyingine. Kama bado, rudisha ya friza hatua moja upande wa baridi kidogo, ili kilango kifunguke. Ndiyo, unapunguza juu ili chini kupoe. Na kabla ya yote tazama matundu ya hewa ukutani mwa friji: mfuko wa mikate au sufuria ya pilau ikiyaziba, swichi hazina la kufanya.

Ikishatulia, friji hii ina raha yake. Barafu haigandi ukutani kwa kuwa ina hita ndogo inayoiyeyusha kwa saa zake. Friza inafika 18. Feni inasambaza baridi, kwa hiyo rafu ya juu na ya chini hazipishani sana. Ubaya ni kwamba hewa hiyo inakausha, chapati isiyofunikwa asubuhi ni ubao, na feni, hita na saa yake ni vitu vitatu zaidi vya kuharibika. Kwa familia ya kawaida yenye mtu mmoja mwenye subira ya kuirekebisha, ni chaguo zuri. Kwa nyumba ambayo kila apitaye anazungusha swichi, mtateseka.

Vitufe na tarakimu

Hapa mrija wa gesi umeondolewa, wamewekwa vipima joto vya umeme, mara nyingi kimoja kila chumba, na bodi ndogo inayoamua. Unabonyeza hadi 4 kwa chini na 18 chini ya sifuri kwa juu, basi. Kaskazi ije, kusi ije, bodi inafuata hewa ya ndani, si namba ya springi. Nyingi za siku hizi zina kompresa ya inveta, ambayo haiwaki kwa kishindo na kuzimika. Inapunguza na kuongeza mwendo, haivuti umeme mwingi wakati wa kuanza, na hilo linawafaa wenye sola.

Tahadhari moja wauzaji hawaitaji. Katika friji nyingi tarakimu unayoiona ni uliyoiagiza, si iliyopo. Ukitia ndoo ya juisi ya moto saa kumi na moja jioni kabla ya futari, kioo kitaendelea kukuonyesha 4 huku ndani kukiwa 11. Nyingine ni ile hali ya likizo, iliyotengenezwa kwa anayesafiri akaacha friza tu ikifanya kazi. Inaiacha sehemu ya chini ipande hadi karibu nyuzi 15 au zaidi. Mtoto akiibonyeza, chakula kitaharibika na utaapa friji imekufa. Dawa ni kufuli ya vitufe, ambayo katika nyingi huwekwa kwa kushikilia kitufe kwa sekunde chache. Kama duka halijui ifungwe vipi, mwambie muuzaji akufungulie kijitabu hapo hapo.

Udhaifu wake mkubwa huku kwetu ni bodi. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, lakini unakatika, na unaporudi huweza kuja na mruko, ambao thamostati ya springi haiuoni lakini bodi inauhisi. Chumvi nayo inaunguza viungio vya nyaya taratibu. Bodi ikiungua, ya friji ile ile lazima iagizwe, ije kwa basi mpaka Mokowe kisha boti, na wewe unaishi na sanduku la barafu. Kwa hiyo ukinunua ya vitufe, hesabu na bei ya kifaa cha kukinga umeme, kile kinachokata volti zikipanda au kushuka mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu tena. Kusubiri huko kunasaidia kompresa ya friji yoyote. Ukizima friji kwa mkono, ipe nayo dakika tano kabla ya kuiwasha.

Kuna nyumba moja ambayo nitaishauri vitufe bila kusita, nayo ni yenye mtu anayejidunga insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Swichi moja iliyopandishwa kwa ajili ya barafu za kuuza inaweza kuigandisha usiku mmoja, hasa ikiwa imeegemea ukuta wa nyuma. Weka 4 au 5, chupa iwe rafu ya kati, mbali na ukuta na matundu.

Friza ya mfuniko

Sikuihesabu kwenye zile tatu kwa sababu si friji, lakini kwa mvuvi, na kwa mama anayeuza barafu za ubuyu, huenda ndiyo jibu. Swichi yake huwa nje, chini karibu na kompresa, yenye taa pembeni; wakati wa kugandisha samaki wapya unaipandisha, wakishashika unairudisha katikati. Kwa kuwa mfuniko uko juu, baridi haimwagiki ukifungua. Umeme ukikatika na ikiwa imejaa, bila kufunguliwa, inaweza kushika chakula saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida iliyofungwa inakupa kama saa nne tu. Angalia swichi isiwe upande watoto wanapocheza.

Jamaa yangu akiniuliza, na pesa zake ni za friji moja kubwa ya milango miwili, humwambia azigawe: friji ndogo ya swichi moja kwa chakula cha kila siku, na friza ndogo ya mfuniko kwa samaki. Kila baridi na swichi yake, hakuna inayoiibia nyenzake, na moja ikiharibika nyingine ipo. Inakula nafasi, najua, na nyumba za mjini ni finyu. Asiye na nafasi achukue ya swichi mbili ajifunze kile kilango. Vitufe ni kwa mwenye dawa ndani, mwenye mkahawa, au mwenye uwezo wa kusubiri bodi.

Ukiwa dukani, na hasa ukiangalia mtumba uliotoka Ulaya, inama nyuma usome kibandiko. Utakuta herufi zinazotaja joto la chumba ambalo friji iliundwa kulivumilia: SN ni nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Friji ya N peke yake itahema huku kila kaskazi, iwe na swichi au vitufe. Tafuta T, au angalau ST.

Na aina yoyote utakayochagua, nunua kipimajoto cha friji, ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, iweke rafu ya katikati usiku, usome alfajiri kabla mtu hajafungua mlango. Maji hayadanganyiki na mlango uliofunguliwa kidogo kama hewa inavyodanganyika. Ikisoma zaidi ya 4, sogeza hatua moja tu na usome tena kesho yake. Anayesogeza mara tatu kwa siku hajui ni hatua gani iliyofanya kazi.

Friji ikishateremshwa kwenye boti, uliza ililazwa au ilisimama. Kama ililazwa, isimamishe hadi kesho yake kabla ya kuichomeka, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Iache kama kiganja kutoka ukutani ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Iwashe ikiwa tupu, swichi katikati au vitufe kwenye 4 na 18 chini ya sifuri, glasi ya maji na kipimajoto ndani. Samaki waingie kipimajoto kikishasema 4.